Fomu Namba 417

Bi Mafungu hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa wifi yake, na ugomvi wenyewe wifi hakuwa na habari nao.

Hilo jina la Bi Mafungu alipewa ofisini. Ofisi yao kazi yake ilikuwa kuuliza watu maswali kwa niaba ya wengine. Hospitali ikitaka kujua kwa nini wagonjwa hawarudi kuchukua majibu ya vipimo, iliwaita wao. Watengeneza sabuni wakitaka kujua kama wafuaji wanapenda harufu ya limau au ya waridi, waliwaita wao. Kampuni ya mabasi, maktaba, hata klabu ya mpira iliyoshangaa kwa nini viti vya upande mmoja havijai (jibu lilikuwa jua la alasiri, na waliwahoji watu mia tatu ili kulipata), wote walipanda ngazi zilezile hadi ghorofa ya tatu. Wadadisi walitoka asubuhi na madodoso yao wakarudi na vumbi miguuni. Yale majibu ambayo watu wameyatoa kwa maneno yao wenyewe yalipelekwa mezani kwa Bi Mafungu, ayasome moja moja na kuyagawa katika mafungu, kila fungu na namba yake, ili kompyuta iweze kuyahesabu. Mgonjwa mmoja akisema nesi alimkaripia, na mwingine akisema pale wanatusemesha ovyo, wote wawili walikwenda fungu la tatu, lugha mbaya.

Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili, na ilimharibu kidogo, kama kazi zote zinavyowaharibu watu. Alizoea kuona kila kitu kina fungu lake. Mama yake, kwa mfano, alikuwa fungu lake yeye. Ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, ndiye wa kike, ndiye aliyekaa dakika kumi kwa miguu kutoka kwa mama. Kila jioni kabla ya kuanza kupika alimpigia simu. Umekula? Umemeza dawa? Umefunga mlango wa nyuma? Mama alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na Bi Mafungu akakata simu roho yake imetulia.

Wifi, mke wa mdogo wake wa kiume, alikuwa dobi upande wa pili wa mji, safari ya mabasi mawili. Mwanamke mrefu, mpole, asiyesema sana. Hapo ndipo kosa lake la kwanza lilipoanzia, maana Bi Mafungu aliamini kwamba mtu akinyamaza watu humdhania ana busara, hata kama anachowaza ni pasi tu. Kosa la pili, mama alikuwa anacheka akizungumza naye kwenye simu. Si kutabasamu, kucheka hasa, mpaka anavua miwani. Bi Mafungu alikuwa amekaa pale pale sebuleni akikata kucha, anasikia, na hakuambiwa kilichochekesha. La tatu lilikuwa la miezi minne iliyopita, mama alipoanguka bafuni akateguka kifundo cha mkono. Wifi ndiye aliyempeleka hospitali, eti alikuwa anapita. Anapita kutoka wapi kwenda wapi? Hilo Bi Mafungu alilitafuna miezi yote minne na halikumezeka.

Basi Alhamisi moja, saa nne asubuhi, akaifungua fomu namba mia nne na kumi na saba.

Utafiti ulikuwa wa hospitali. Walitaka kujua wazee wanaoishi peke yao wanaishije, ili wajue wapi pa kupeleka manesi wa kutembelea majumbani. Wazee mia saba na kumi na wawili walihojiwa. Fomu hazina majina, na hiyo ndiyo heshima ya kazi: namba tu, umri, na maneno ya mtu. Bi Mafungu alisoma umri, sabini na tisa. Akasoma kazi ya zamani: opereta wa simu, miaka ishirini na tisa kwenye ubao wa kuunganishia. Akafika swali la tisa, unapata shida gani ndani ya nyumba, na jibu lake: "Mlango wa kabati la vyombo hunisalimia kwenye paji la uso kila asubuhi."

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesalimiwa na kabati. Bi Mafungu alitabasamu, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeokota kitu, akaendelea kusoma. Alipaswa kuiweka pembeni. Sheria ya ofisi ilikuwa wazi na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni: ukimtambua mhojiwa, fomu hiyo si yako tena, mpe mwenzako. Lakini ni nani anayepewa nafasi ya kusikia mama yake anasema nini asipokuwepo, halafu akazibe masikio?

Swali la kumi na nne: ukipatwa na jambo ghafla, ni nani wa kwanza kumwita? Zilifuata namba. Moja, mume au mke. Mbili, binti. Tatu, mtoto wa kiume. Nne, mkwe. Tano, jirani.

Nne ilikuwa imezungushiwa duara.

Akaiangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaiangalia tena. Chini yake, swali la kumi na tano, kwa nini huyo, mistari mitatu ilikuwa mitupu.

Wivu una mahali pake mwilini, na kwa Bi Mafungu ulikuwa chini kidogo ya koo, pale kidonge kikubwa kinapokwama. Alifanya alichojua kufanya: aliwasha kompyuta akachambua. Rasimu ya ripoti ilikuwa imeshaandikwa nusu, na sentensi moja ya ukurasa wa sita ilikuwa ya mkono wake: "Wazee wenye binti anayeishi karibu humtegemea binti huyo kabla ya mtu mwingine." Aliipenda sana sentensi hiyo alipoiandika. Sasa akaiuliza mashine: wazee wangapi wana binti wa karibu? Mia mbili na wanane. Na kati yao wangapi wamemruka binti wakamtaja mkwe? Wanne.

Wanne katika mia mbili na wanane. Akazitafuta fomu za wale watatu wengine, kwa mikono yake, kwenye makasha. Wa kwanza binti yake alikuwa amelazwa. Wa pili alisema hawasemezani na binti yake tangu ugomvi wa nyumba. Wa tatu aliandikiwa: "Binti yangu akinywa hajui hata jina langu." Na wa nne alikuwa mama yake. Hao ndio wenzake aliowekwa nao, mgonjwa, mgomvi na mlevi, yeye ambaye hajawahi kukosa kupiga simu hata siku moja.

Akamwita mdadisi aliyeijaza fomu ile, msichana mmoja waliyemwita Soli kwa namna alivyomaliza viatu.

"Hii nne," alisema Bi Mafungu, kidole juu ya duara, sauti yake imekaa sawa kama ya mtu anayeuliza saa. "Kalamu haikuteleza kweli? Hukukusudia mbili?"

Soli akainama kuitazama. "Huyu bibi namkumbuka. Alinipa kiti kizuri, yeye akakaa kile kibovu. Hapana, ni nne. Hata hakusita."

"Na sababu mbona hujaandika?"

"Alinieleza, halafu akaniambia hiyo mwanangu usiiandike. Nikaacha."

"Alikueleza nini?"

Soli akamtazama kwa mshangao wa adabu. "Si aliniambia nisiandike, Bi Mafungu. Na wewe ndiye uliyetufundisha, mtu akisema usiandike, hata kusema usiseme."

Ukweli ni kwamba alifundisha hivyo, na siku hiyo alijuta kuwa mwalimu mzuri.

Lakini kulikuwa na mlango. Fomu yenye swali lililoachwa wazi hurudiwa. Mtu mwingine, asiye yule wa kwanza, huelekezwa nyumba, huenda kwa mhojiwa, huuliza tena maswali machache na kuandika jibu neno kwa neno. Hivyo ndivyo ofisi inavyojua kama mdadisi alikwenda kweli au alijaza fomu amekaa kivulini. Ijumaa orodha ya kurudiwa ilipopelekwa kwa mkuu, mkuu alitia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Mbele ya namba mia nne na kumi na saba palikuwa na jina la Bi Mafungu, ambaye hakuwa ametoka ofisini kuhoji mtu kwa miaka kumi na mitano.

Jioni ile hakumpigia mama simu. Alitaka mama aone tofauti.

Jumamosi saa tatu asubuhi alibisha hodi. Alikuwa amevaa kitambulisho cha ofisi shingoni, amebana ubao wa kuandikia kifuani. Mama alifungua mlango, akamtazama mwanawe, akakitazama kitambulisho, akarudi usoni.

"Leo umekuja kama nani?"

"Nimekuja kikazi, mama. Ni ule utafiti. Kuna swali lilibaki."

"Aa." Mama akasogea kumpisha. "Basi karibu, mtu wa kazi. Viatu unaweza kubaki navyo."

Hilo lilimuuma, maana katika nyumba ile wanaobaki na viatu ni wageni. Walikaa mezani jikoni. Mama alichagua kiti kibovu kabla Bi Mafungu hajakiwahi, akajifunga vizuri khanga yake, akaweka mikono mezani mmoja juu ya mwingine, kama alivyokuwa akikaa mbele ya ubao wa simu enzi zake. Mlango wa kabati nyuma yake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, fundo safi la mtu anayejua kufunga mizigo ya nguo. Bi Mafungu aliliona fundo lile, akajua ni la nani.

Alisoma maneno ya utangulizi kwa sauti ya ofisi. "Majibu yako ni siri, na hayatatumika kwa jambo lolote ila utafiti huu."

"Siri kwa nani?" aliuliza mama.

"Kwa watu wote."

"Hata wewe?"

Bi Mafungu alibonyeza kalamu. Akageuza karatasi. "Ukipatwa na jambo ghafla, ni nani wa kwanza kumwita?"

"Mkwe wangu."

"Yaani," alisema Bi Mafungu, na hapa alivunja sheria aliyowafokea watu kwayo miaka ishirini, ya kutomsaidia mhojiwa kujibu, "yaani pengine ulimaanisha ukiwa tayari umeshanikosa mimi. Au pengine ni kwa sababu unajua mimi kazi zinanibana, hutaki kunisumbua. Au ulikuwa umemkasirikia mtu siku hiyo."

"Hayo yameandikwa hapo?"

"Hayajaandikwa."

"Basi usiyaulize. Mimi nimejibu." Mama alisema kwa upole, na upole ndio ulioharibu kila kitu.

"Mama, mimi nakaa hapo tu. Nikipiga kelele unasikia. Nakupigia kila siku, yeye hupiga akijisikia. Dawa zako nakununulia mimi, tarehe za kliniki naziweka mimi. Yeye anakuja na mashuka yake, mnacheka, anaondoka. Nimekosa nini?" Sauti ya ofisi ilikuwa imekwisha kabisa. Ilibaki ya mtoto aliyekuta mwenzake amekalishwa mahali pake, mapajani kwa mama. "Namwonea wivu mpaka nashindwa kula. Haya, nimesema. Kwa nini yeye?"

Mama alikunjua mkono wake wa kushoto, ule ulioteguka, akausugua kifundo.

"Siku ile nilipoanguka," alisema, "nilikupigia wewe kwanza."

"Hukunipigia. Ningekumbuka."

"Nilikupigia. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni, nashukuru Mungu. Ulipokea mara moja, wewe hupokea mara moja, siwezi kukusingizia. Nyuma yako kulikuwa na watu wanazungumza. Ukaniuliza, mama, ni dharura au linaweza kusubiri?" Alisema maneno hayo kwa sauti ya binti yake, kwa mkato ule ule, bila kejeli, ilikuwa kazi yake ya zamani, kushika sauti za watu. "Mimi nilikuwa nimelala sakafuni. Ulivyouliza vile, nikaona aibu. Nikasema linaweza kusubiri. Ukasema sawa mama, jioni basi. Na jioni ukapiga, ukaniuliza kama nimekula."

Bi Mafungu alitafuta siku ile kichwani. Aliipata. Palikuwa na kikao cha wale watu wa maktaba. Mama alipiga, yeye akauliza, akajibiwa, na jibu alilipokea kama anavyopokea majibu yote, lilikuwa wazi, halina utata. Akarudi kikaoni. Hakulifikiria tena hata mara moja. Yale ya kwamba wifi alikuwa anapita yalitungwa baadaye na wawili wale, hospitalini, mkono ukifungwa bendeji, ili yeye asijisikie vibaya.

"Ungesema ni dharura," alisema. "Mama, neno moja tu. Ningekuja mbio."

"Najua ungekuja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ndiyo sababu nilimwambia yule msichana asiandike," alisema mama.

Mlango ukagongwa na papo hapo ukafunguliwa, kama unavyofunguliwa na mtu wa nyumbani. Wifi akaingia na furushi la mashuka kichwani, akalishusha, akavua viatu. Alimsalimu mama kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, akampa Bi Mafungu mkono. "Wifi, u hali gani? Leo umewahi." Kisha akaona kitambulisho na ubao, akaona nyuso zao, akabaki amesimama.

"Nikaanike kwanza?" aliuliza.

"Kaa," alisema Bi Mafungu. Alikuwa na swali, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alilihitaji jibu kuliko alivyohitaji kuwa na haki. "Siku ile mama alipoanguka, alikuambia nini kwenye simu?"

Wifi akamtazama mama. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Aliniambia hajambo. Kwamba amenipigia kunisalimia tu."

"Hakulia? Sauti haikutetemeka?"

"Hapana. Alinisalimia vizuri. Akaniuliza watoto."

"Sasa wewe ulijuaje?"

Wifi alifikiria, na alifikiria kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchukua maswali kwa uzito. Bi Mafungu alisubiri. Alitaka sana kuwe na kitu: mlio fulani wa pumzi, neno mama asilolitumia, siri yoyote ya kuweza kufundishwa na kujifunza, ambayo angeichukua aondoke nayo awe nayo yeye pia.

"Sikujua kitu," alisema wifi. "Niliweka pasi chini nikaja."

Akalibeba furushi lake akatoka uani kuanika, na baada ya muda wakasikia shuka la kwanza likikung'utwa. Wivu wa Bi Mafungu haukuondoka. Ulikuwa pale pale chini ya koo, ila sasa alijua kwamba hakuna alichoibiwa. Nafasi ile ya kwanza ililetwa kwa simu mpaka sikioni mwake, naye akauliza kama inaweza kusubiri.

"Andika basi," alisema mama. "Si umesema ni neno kwa neno?"

"Nitaandika nini, mama? Uliomba isiandikwe."

"Nilimwomba yule mgeni. Wewe andika."

Akashika kalamu. Kwenye mstari wa kwanza wa swali la kumi na tano, kwa mwandiko wake mzuri unaosifiwa ofisi nzima, aliandika: Nilimpigia binti yangu kwanza. Aliniuliza kama ni dharura au linaweza kusubiri. Nikasema linaweza kusubiri. Kisha nikampigia mkwe wangu, akaja. Alipomaliza akaigeuza fomu upande wa mama, kama utaratibu unavyotaka, mhojiwa aone kilichoandikwa kwa niaba yake.

Mama alivaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka mwisho. Akarudi juu akasoma tena.

"Umeacha neno," alisema.

"Lipi?"

"Sakafuni. Nilisema nilikuwa sakafuni."

Bi Mafungu akaichukua fomu, akatafuta nafasi kati ya mistari, akaliandika.